Kiwiko cha Tenisi: Tiba za Mikono Zinafanya Nini, na Haziwezi Kufanya Nini

Ugonjwa uitwao kiwiko cha tenisi hauna uhusiano mkubwa na mchezo wa tenisi. Daktari Mjerumani, Runge, alipoueleza mwaka 1873 alikuwa akiandika juu ya watu waliosumbuliwa na mikono kwa sababu ya kuandika. Jina la mchezo lilikuja miaka kumi baadaye, pale tabibu aitwaye Major alipouhusisha na tenisi ya kwenye nyasi huko Uingereza. Katika vituo vyetu vya afya anayekuja na tatizo hili ni seremala, fundi ujenzi, mama lishe, mfuaji anayekamua nguo kwa mikono, au karani anayeshika kipanya cha kompyuta kutwa nzima. Wengi wao wana umri wa kati ya miaka 35 na 55, na mkono unaouma kwa kawaida ni ule wanaoutegemea. Hukadiriwa kwamba kati ya mtu mmoja na watatu katika kila watu wazima 100 huupata.

Somo hili linahusu tiba zinazotolewa kwa mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia. Limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, lakini mgonjwa akilisoma atajua aulize nini na akatae nini. Hoja yake ni kwamba tiba ya mikono ina thamani, ila thamani hiyo ni ya muda. Inampa mgonjwa kipindi cha kushika na kubana vitu bila maumivu, na ndani ya kipindi hicho ndipo kano inapaswa kufanyishwa kazi ili ipate nguvu. Mtaalamu anayechua kiwiko kisha akamwambia mgonjwa arudi Jumatano, bila kumpa zoezi lolote, ametoa nusu ya tiba.

Kinachouma ni nini

Upande wa nje wa kiwiko kuna nundu ya mfupa ambayo kila mtu anaweza kuipapasa. Misuli inayoinua kiganja na vidole kuelekea nyuma huanzia hapo kwa kano ya pamoja. Katika kundi hilo, sehemu inayoathirika mara nyingi zaidi ni kano ya ule msuli mfupi unaoinua kifundo cha mkono kwa upande wa kidole gumba.

Wagonjwa hushangaa kwa nini kuinua kikombe cha chai kuwaumize upande wa nje wa kiwiko, ilhali misuli inayokunja vidole iko upande wa ndani wa kigasha. Sababu ni hii: vidole vinapokunjwa kushika kitu, kifundo cha mkono nacho kingekunjwa pamoja navyo, mshiko ukalegea. Misuli ya nyuma hukaza ili kifundo kisimame imara. Kwa hiyo hakuna mshiko wa nguvu ambao kano hii haishiriki. Kukamua dekio, kusukuma chapati, kupiga randa, kubeba ndoo, kufungua kifuniko cha chupa, hata kumpa mgeni mkono, vyote huipa mzigo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kano hiyo imepata uvimbe wenye joto unaoletwa na seli za kinga, na ndiyo maana dawa za kupunguza uvimbe zikawa tiba ya kwanza. Mwaka 1979 madaktari wa upasuaji wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokiona katika kano walizozipasua: nyuzi zilizovurugika mpangilio, vishipa vidogo vya damu visivyokomaa, na seli za uvimbe chache mno. Picha hiyo ni ya kano iliyochoka na kushindwa kujirekebisha vizuri. Anayeelewa hivyo hatashangaa kwamba vidonge vya wiki mbili hupunguza maumivu bila kuondoa ugonjwa.

Kabla ya kuweka mkono

Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo na kwa vidole, na mara nyingi picha ya eksirei haihitajiki. Papasa nundu na sehemu iliyo mbele yake kidogo. Kisha mwambie mgonjwa anyooshe kiwiko, kiganja kikitazama chini, ainue kifundo cha mkono huku wewe ukikikandamiza. Rudia kwa kukandamiza kidole cha kati peke yake. Maumivu yakitokea pale pale kwenye nundu, utambuzi unaelekea kuwa sahihi.

Yakitokea vidole vitatu hivi chini ya nundu, ndani ya nyama ya kigasha, fikiria mshipa wa fahamu unaopita hapo na kubanwa. Mgonjwa akieleza ganzi, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi mkononi, ichunguze shingo kwanza. Aliyeanguka, aliyevimba kiungo kizima, mwenye homa, au ambaye kiwiko chake hakinyooki kabisa, huyo si mgonjwa wa somo hili mpaka daktari amwone.

Kipimo kimoja kinastahili kuandikwa katika kadi ya kila mgonjwa: nguvu ya kubana bila maumivu. Hospitali kubwa zina chombo maalumu cha kuipima. Zahanati isiyo nacho itumie mashine ya presha. Kunja mkanda wake uenee kiganjani, ujaze hewa hadi 20, kisha mwambie mgonjwa aubane polepole, kiwiko kikiwa kimenyooka, aache mara tu maumivu yanapoanza. Soma namba. Fanya hivyo mara tatu, ukimpumzisha kidogo kila baada ya mara moja, na uchukue wastani. Bila namba hiyo, mtaalamu na mgonjwa watabaki kukisia kama tiba inasaidia, na kwa kawaida wote wawili hukisia kwa matumaini.

Deni la sindano

Mgonjwa mwenye kazi ya mikono hataki kusikia habari za wiki sita. Anataka sindano, na ana sababu, kwa kuwa jirani yake alichomwa steroidi na siku ya tatu akarudi kazini. Jirani hakudanganya. Katika utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 185, waliochomwa sindano walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa kwa asilimia 92 ilipofika wiki ya 6. Waliopata fiziotherapia, ambayo ilijumuisha msuguano wa kano na mazoezi, walikuwa asilimia 47, na walioshauriwa kungoja tu asilimia 32.

Baada ya mwaka mmoja mpangilio huo ulipinduka. Waliochomwa sindano walikuwa asilimia 69, wa fiziotherapia 91, na waliongoja 83. Utafiti wa Australia wa mwaka 2006, wenye washiriki 198, ulionyesha jambo lile lile: kati ya wagonjwa 65 waliokuwa wamefanikiwa kwa sindano, 47 walirudi nyuma baadaye. Mwingine wa nchi hiyo hiyo, wa mwaka 2013, ulilinganisha sindano ya steroidi na sindano isiyo na dawa. Ndani ya mwaka, ugonjwa uliwarudia asilimia 54 ya waliopata steroidi, na asilimia 12 tu ya wale wengine. Tena, kuongeza fiziotherapia juu ya sindano hakukuondoa hasara hiyo.

Takwimu hizi zisomwe kwa uaminifu wa pande zote mbili. Zinaonyesha kwamba sindano ni mkopo wenye riba kubwa. Zinaonyesha pia kwamba wengi wanaongoja bila tiba yoyote hupona ndani ya mwaka, na kwamba faida ya fiziotherapia juu ya kungoja huonekana zaidi katika wiki za mwanzo. Mtu anaweza kuuliza basi ya nini kupoteza nauli. Jibu linategemea anachokifanya kwa mkono wake. Kwa mstaafu mwenye maumivu madogo, ushauri mzuri na subira vinatosha. Kwa fundi anayelipwa kwa siku, wiki sita za kushindwa kushika nyundo ni ada ya shule ya mtoto.

Mkono wa Cyriax

James Cyriax, daktari wa Hospitali ya St Thomas' jijini London, ndiye aliyeueneza msuguano wa kina unaokatiza nyuzi za kano. Mgonjwa hukaa, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90 na kiganja kikitazama juu. Mtaalamu huweka ncha ya kidole gumba mbele ya nundu, mahali penye maumivu makali zaidi, hukandamiza kuelekea mfupani, kisha husugua kwa kukatiza mwelekeo wa nyuzi. Kidole na ngozi husogea pamoja. Kidole kikiteleza juu ya ngozi, malengelenge ndiyo yatakayopatikana. Kwa sababu hiyo mafuta hayatumiki. Dakika za mwanzo huuma, kisha sehemu hufa ganzi, na kazi huendelea kwa takriban dakika 10.

Hapa inafaa kutofautisha tiba hii na kuchua kunakofanywa majumbani. Mkandaji wa mtaani hutumia mafuta au maji ya moto na hufuata urefu wa msuli. Wengi hupata raha kwa hilo, na hakuna haja ya kuwakejeli. Lakini kuchua huko hakufiki kwenye kano, na maji yanayochemka yameacha makovu kwenye viwiko visivyokuwa na kovu.

Baada ya msuguano hufuata mnyoosho wa Mills, ulioelezwa na daktari huyo wa Uingereza mwaka 1928. Mtaalamu husimama nyuma ya mgonjwa, huinua mkono wake hadi usawa wa bega, huzungusha kigasha ili kiganja kitazame chini, na hukunja kifundo cha mkono hadi mwisho. Akiwa amekishikilia hivyo, hukinyoosha kiwiko kwa msukumo mmoja mfupi na wa haraka mwishoni mwa mwendo. Hufanywa mara moja tu katika kila kikao. Sharti lake halina msamaha: kiwiko kisichonyooka kikamilifu kisifanyiwe mnyoosho huu, kwa kuwa nguvu yote itaishia kwenye kiungo badala ya kano. Kifundo kikiachiwa kulegea katikati ya tendo, matokeo ni hayo hayo.

Utaratibu kamili wa Cyriax ni vikao vitatu kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Hesabu safari kumi na mbili za mgonjwa anayepanda magari mawili kufika hospitali, na utaona kwa nini wengi hutoweka baada ya kikao cha tatu. Ushahidi nao ni mwembamba. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 juu ya msuguano huu yalipata majaribio mawili tu yaliyokidhi vigezo, moja la kiwiko na moja la goti, yenye jumla ya washiriki 57, na hayakuweza kutoa hukumu. Kwa maoni ya mwandishi, msuguano usiwe chaguo la kwanza pale ambapo mbinu nyingine inapatikana.

Mkono wa Mulligan

Mbinu hiyo nyingine ilibuniwa na Brian Mulligan, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Msingi wake ni kwamba mtaalamu huusogeza mfupa kidogo pembeni na kuushikilia hapo, wakati mgonjwa mwenyewe akifanya lile tendo linalomuumiza. Ikiwa msukumo uko sahihi, maumivu hupungua papo hapo. Yasipopungua, mbinu haifai, na hakuna sababu ya kuirudia kwa matumaini kwamba kesho itakubali.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa miaka 47, mwenye maumivu ya kiwiko cha kulia kwa miezi mitatu, ambaye hawezi tena kusukuma chapati zaidi ya kumi bila kupumzika. Namba yake kwenye mashine ya presha ni ndogo mno upande wa kulia ukilinganisha na kushoto. Analala chali, mkono kando ya mwili, kiwiko kimenyooka na kiganja kimetazama chini. Mtaalamu huweka kiganja kimoja upande wa nje wa mkono wa juu, jirani kabisa na kiwiko, ili usisogee. Kiganja cha pili hukiweka upande wa ndani wa kigasha, chini kidogo ya kiungo, na hukisukuma kigasha kuelekea nje, kwa upole lakini kwa uthabiti.

"Mama, sasa bana huu mkanda taratibu. Ukisikia maumivu tu, acha."

"Mbona hayaji, mwanangu? Umebonyeza nini?"

Mshangao huo ni wa kawaida, na ndio wakati wa hatari katika tiba nzima, kwa sababu mtaalamu hushawishika kujibu kwamba mfupa ulikuwa umehama na sasa umerudi mahali pake. Jibu hilo si kweli. Hakuna kilichohama. Kinachofahamika ni kwamba msukumo wa namna hii hubadilisha jinsi mfumo wa fahamu unavyopokea maumivu. Majaribio ya Vicenzino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, yameonyesha kwamba nguvu ya kubana bila maumivu huongezeka mara baada ya tiba hii, kuliko baada ya tiba ya kuigiza. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mfupa wake huhama ataogopa kuutumia mkono, na hofu hiyo itamkosesha mazoezi yatakayomponya. Inatosha kumwambia: "Kano yako imechoka, haijakatika. Nimeitulizia maumivu ili uweze kuifanyisha kazi."

Msukumo hushikiliwa muda wote wa kubana, kwa sekunde sita hivi, kisha mkono huachiwa kwanza na msukumo baadaye. Kwa kawaida hurudiwa mara sita hadi kumi. Maumivu yakipungua nusunusu, geuza mwelekeo wa msukumo kidogo kuelekea nyuma au mbele kabla ya kukata tamaa. Tofauti ya nyuzi chache huweza kuleta matokeo mengine kabisa.

Uzuri mkubwa wa mbinu hii kwa mazingira yetu ni kwamba mgonjwa anaweza kuichukua nyumbani. Husimama mlangoni, upande wa nje wa mkono wa juu ukiegemea fremu ya mlango, karibu kabisa na kiwiko. Kwa mkono mzima husukuma kigasha kuelekea nje, huku mkono mgonjwa ukibana kitambaa kilichoviringishwa. Akifundishwa vizuri mara mbili mbele ya mtaalamu, hahitaji safari kumi na mbili.

Ndani ya kipindi cha nafuu

Utafiti wa Australia wa mwaka 2006 uliotajwa juu ulitumia mbinu ya aina hii pamoja na mazoezi, kwa vikao vinane ndani ya wiki sita. Mazoezi ndiyo yanayobaki baada ya vikao kwisha, kwa hiyo yaelezwe kwa uzito ule ule.

Yaanze siku hiyo hiyo, mara baada ya mikono ya mtaalamu kuondoka. Kigasha kilazwe mezani, kiganja kikitazama chini, kifundo kikizidi ukingo wa meza. Mgonjwa akaze kana kwamba anainua kiganja, huku mkono wa pili ukikizuia kisiende popote, kwa sekunde 30 hadi 45. Arudie mara nne au tano. Anapoweza kufanya hivyo bila shida kubwa, ashike chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ina uzito wa karibu nusu kilo, ainue kifundo polepole kwa hesabu ya tatu na kukishusha polepole zaidi. Mizunguko mitatu ya mara 10 hadi 15, siku moja afanye na siku inayofuata apumzike. Baadaye chupa ya lita moja, kisha moja na nusu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Akiyapima kwa kumi, yasizidi matatu au manne, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa. Yakiamka yamezidi, chupa ilikuwa nzito mno; apunguze maji, asiache zoezi.

Mama lishe wetu hatafunga mgahawa, na hakuna haja ya kumwambia afunge. Atumie mpini mnene zaidi, kwa kuzungushia kitambaa kwenye mpini wa mwiko, kwa kuwa mshiko mwembamba huilazimu kano kukaza zaidi. Abebe sufuria kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa karibu na mwili. Unga aukande mapema na kuupumzisha ili ulainike, asukume chapati kwa mafungu, na kazi ya kukamua madekio apewe mwingine kwa wiki hizo.

Shingo isisahauliwe. Mwaka 1996 kundi la Queensland lilionyesha kwamba kusogeza taratibu pingili za chini za shingo kunaweza kupunguza maumivu ya kiwiko kwa muda mfupi. Ni tiba ya mtaalamu aliyefunzwa, na ni ya kusogeza kwa upole. Kuvunja shingo kwa mshtuko ili kutibu kiwiko ni kumwingiza mgonjwa katika hatari isiyolingana na ugonjwa wake.

Tiba yoyote ya mikono isifanywe kwenye ngozi yenye kidonda au jipu, kwenye mfupa unaoshukiwa kuvunjika, kwenye kiungo chenye homa au kilicholegea kupita kiasi, wala kwa mgonjwa wa baridi yabisi ambaye viungo vyake vimevimba kwa wakati huo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asifanyiwe msuguano wa kina, kwani atapata vilio vya damu chini ya ngozi.

Katika kila marudio andika namba ya mashine ya presha, uzito wa chupa anayoinua, na kazi moja ya kila siku aliyoshindwa siku ya kwanza. Namba isipopanda baada ya vikao vinne au vitano, rudi kwenye utambuzi kabla ya kubadili mbinu: mshipa wa fahamu, shingo, kiungo chenyewe. Asiyepata nafuu baada ya miezi sita ya mazoezi aliyoyafanya kweli apelekwe kwa daktari bingwa wa mifupa, na barua ya rufaa iambatane na namba hizo zote, pamoja na idadi ya sindano za steroidi alizowahi kuchomwa.